Boriti, Kuta za Mawe na Waya wa Mtandao

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa kipimo cha mti. Boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu hazipatikani kwa urefu wa kuvusha chumba kipana, kwa hiyo mafundi wa zamani walijenga vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mita tatu hivi au pungufu, na kati ya chumba na chumba wakasimamisha ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye unene wa nusu mita, pengine zaidi. Mkaazi wa nyumba kama hiyo hushukuru kuta zake wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali nje na ndani kukabaki na ubaridi. Anayetaka kuunganisha kompyuta, televisheni, printa na simu za watu wa nyumba hiyo kwenye mtandao mmoja ana hesabu nyingine ya kufanya, kwa sababu kila baada ya hatua chache anakutana na ukuta unaomeza mawimbi ya redio.

Nyumba ya mjomba wangu ni ya aina hiyo hasa: ghorofa mbili juu ya ile ya chini, ngazi ya mbao yenye mwinuko mkali, ua mdogo katikati, na watu wa rika zote wanaotaka mtandao kwa shughuli tofauti. Mjomba hutazama taarifa za habari. Binti yake hufanya kazi ya uhasibu kwa kompyuta na kuzungumza na ofisi yake kwa video, wajukuu wana masomo yao na michezo yao, na mlangoni kuna kamera ya ulinzi. Faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayoleta intaneti, iliingia kwa mlango wa mbele, kwa kuwa ndiko waya wa kampuni ulikofikia, na kisanduku cha kuipokelea kikatundikwa papo hapo, sebuleni chini, nyuma ya kabati la vyombo. Huko juu, katika chumba cha kazi cha binamu yangu, video ilikuwa ikiganda kila mara. Nyumba nzima ilikwisha kukubaliana kwamba kampuni inawauzia kasi hewa, na mjomba alikuwa hachoki kupiga simu za malalamiko.

Msimamo wangu, ambao nyumba hii iliukaza zaidi, ni kwamba chombo kinachokaa mahali pamoja kipewe waya, na hewa iachiwe vile vinavyotembea. Televisheni haihami. Kompyuta ya mezani haihami, wala printa, wala kamera iliyopigiliwa ukutani. Vyote hivi tunavibebesha Wi-Fi kwa sababu ni rahisi siku ya kwanza, kisha tunalipa urahisi huo kila siku inayofuata.

Kabla ya kuilaumu kampuni, kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Kompyuta mpakato iunganishwe kwa waya mfupi moja kwa moja kwenye kisanduku cha kampuni, Wi-Fi yake ikiwa imezimwa, kisha kasi ipimwe. Ikilingana na ile inayolipiwa, kampuni imetimiza sehemu yake, na lililobaki ni la nyumba. Kwa mjomba kasi ililingana. Alinitazama kwa shaka, akaniambia, “Mwanangu, basi hiyo kasi inapotelea wapi?” Ilikuwa inapotelea ukutani.

Kuna mitandao miwili hapa, na inafaa kila mmoja utazamwe peke yake. Wa kwanza ni ule wa ndani, unaounganisha vyombo vya nyumba kwa kupitia ruta, yaani chombo kinachopokea intaneti na kuigawa kwa vyombo vingine. Wa pili ni intaneti, unaoanzia pale kisanduku kinapokutana na faiba na kuishia upande wa pili wa dunia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo, nyumba yenye mtandao mzuri wa ndani bado inaweza kutuma waraka kwenye printa, kunakili picha kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kutazama kwenye televisheni filamu iliyohifadhiwa kwenye diski ya kompyuta ya chumba cha pili. Kinyume chake ndicho kilichokuwa kwa mjomba: intaneti nzima imefika mlangoni, na mtu wa ghorofani hapati hata robo yake.

Wi-Fi ya nyumbani hutumia hasa masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Urefu wa wimbi katika masafa ya kwanza ni kama sentimita 12, na katika ya pili ni kama sentimita 6. Masafa ya juu hubeba data nyingi zaidi lakini hudhoofika upesi yanapokutana na ukuta. Ya chini hupenya vizuri zaidi lakini njia zake, ziitwazo chaneli, ni chache na zimejaa majirani. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho kina tabia ya kudanganya macho, maana kila desibeli 10 zinazopotea huacha sehemu moja tu ya kumi ya nguvu iliyokuwapo. Tuseme ukuta mmoja wa mawe unakula desibeli 10, ambalo ni kadirio la upole kwa ukuta wa nusu mita. Nyuma yake inabaki sehemu moja ya kumi, nyuma ya ukuta wa pili moja ya mia, na nyuma ya wa tatu moja ya elfu. Kwa vyumba vya upana wa mita tatu, kuta tatu ni mwendo mfupi mno. Katika nyumba ya kisasa yenye sebule kubwa mtu angekuwa bado yuko kwenye kochi. Tena chokaa na matumbawe hunyonya unyevu, na maji humeza mawimbi haya, kwa hiyo ukuta uliolowa wakati wa masika ni mbaya kuliko ukuta huohuo wakati wa kiangazi.

Simu nyingi zinaweza kuonyesha nguvu hiyo kwa tarakimu kwa kutumia programu ya bure. Tarakimu huwa hasi: karibu na ruta utaona kama −40, mafundi wengi huitaka isishuke chini ya −67 mahali ambapo mtu atazungumza kwa video, na ikifika −80 mawasiliano huwa ya kubahatisha. Nilipanda ngazi ya mjomba nikiwa na simu mkononi, nikitazama tarakimu hizo zikididimia kila nilipopita mlango. Nasisitiza tarakimu kwa sababu ile alama ya mistari inayopinda juu ya kioo haifai kuaminiwa. Huonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta, wala haisemi lolote kuhusu jinsi ruta inavyoisikia simu, ambayo redio yake ni ndogo na imebanwa ili isimalize betri. Ndiyo maana mtu huona mistari imejaa na bado picha anayoituma haiondoki.

Lipo jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo linalowaumiza watu wengi bila kujua. Hewa ni moja. Vyombo vyote vilivyo kwenye chaneli moja ya Wi-Fi huzungumza kwa zamu, kama wazee waliokaa barazani, na anayesema anapoanza wengine hunyamaza. Chombo kilicho karibu husema maneno yake upesi na kumaliza. Kilicho mbali, nyuma ya kuta tatu, hulazimika kusema polepole ili kisikike, na kurudia yale yasiyosikika, na muda wote huo wengine wanamsubiri. Kwa hiyo kamera moja iliyowekwa mahali pabaya, ikirusha video mchana na usiku kwa mawimbi dhaifu, huweza kuilemaza simu iliyo hatua mbili kutoka kwenye ruta. Katika nyumba ya mjomba kamera haikuwa na hatia, kwani ilikuwa karibu na kisanduku. Mkosaji alikuwa televisheni ya ghorofa ya kwanza, ambayo wajukuu waliiacha ikicheza video hata wakiwa wamelala.

Inafurahisha kwamba waya wenyewe una asili ya hewani, tena ya visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha vituo vya visiwa mbalimbali na kompyuta ya kisiwa cha Oahu, na tatizo lao kubwa lilikuwa lilelile la barazani: wawili wakisema kwa pamoja, hakuna anayesikika. Robert Metcalfe aliuchunguza mtandao ule, na mwaka 1973, akiwa kwenye maabara ya Xerox PARC huko California, yeye na David Boggs wakaanza kuunda Ethernet, iliyopeleka wazo hilo ndani ya kebo. Hapo mwanzo kompyuta zote zilishiriki kebo moja nene na kugongana humo. Leo kila chombo kina waya wake mpaka kwenye swichi ya mtandao, kisanduku chenye matundu ya kuunganishia nyaya, kinatuma na kupokea kwa wakati mmoja, na kugongana kumekwisha. Wi-Fi, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka 1997, bado inaishi na tatizo la Hawaii, ingawa kwa ustadi mkubwa zaidi.

Jibu ambalo maduka hulitoa haraka ni ekstenda, kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya umeme ili kikuze mawimbi. Jirani wa mjomba alikuwa nacho na alikisifu. Mimi sikisifu. Kikiwekwa mahali ambapo mawimbi tayari ni dhaifu, kinapokea udhaifu na kuusambaza kwa sauti kubwa. Simu itaonyesha mistari yote na kasi itabaki duni. Tena ekstenda ya bei nafuu hutumia redio moja kuzungumza na ruta na kuzungumza na simu, kwa hiyo kila kipande cha data hupita hewani mara mbili na kasi hupungua karibu nusu. Zile seti za ruta mbili au tatu zinazoshirikiana ni bora zaidi, na katika nyumba ya kuta nyepesi nisingezipinga, ila ubora wake wa kweli huonekana pale zinapounganishwa kwa waya. Kuhusu adapta zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme, nasema tu kwamba nyaya za nyumba ile ziliongezwa kipande kwa kipande na vizazi vitatu vya mafundi, na sikuona sababu ya kuziongezea kazi.

Basi tukanunua kebo. Aina ya Cat5e hubeba gigabiti moja, yaani megabiti 1000, kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na hiyo inaitosha nyumba yoyote ninayoifahamu. Cat6 hubeba hata gigabiti 10 kwa umbali wa mita 55 hivi, na kwa kuwa tofauti ya bei si kubwa, ndiyo niliyochagua. Tofauti inayostahili macho makali ni ya madini yaliyo ndani. Katika maduka, ya Darajani sawa na ya Kariakoo, kuna kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na maandishi ya ubavuni hayasemi hivyo kila mara. Alumini hukatika upesi ikikunjwa, ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, na hupata joto inapobebeshwa umeme wa kuendesha kamera kupitia kebo hiyohiyo. Wala haikubaliki katika viwango vya kebo hizi. Kuigundua si vigumu. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu, shaba hubaki nyekundu hadi ndani, na alumini hung’aa nyeupe. Katoni ya kebo ya mita 305 iliyo nyepesi kupita kiasi nayo inajisema yenyewe. Muuza duka wa kwanza alikataa nisikwangue, nikaenda kwa wa pili.

Kupitisha kebo katika nyumba ya mawe ni kazi ya subira zaidi kuliko nguvu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ipo mamlaka ya uhifadhi inayosimamia mabadiliko ya majengo yake, kwa hiyo wazo la kuteremsha kebo nyeusi kwenye uso wa nyumba, kama wanavyofanya wengi, nililiondoa mapema. Njia nzuri ilikuwa ndani. Kebo ilipanda kando ya ngazi, ikajificha pembeni mwa boriti, ambazo kwa rangi yake ya kiza huficha waya wowote wa kahawia au kijivu, na ikatoboa kuta mbili tu. Jiwe la matumbawe hutobolewa kwa urahisi, ila humomonyoka, na ukiharakisha tundu la kidole kimoja linageuka la ngumi. Mwashi mzee wa mtaani ndiye aliyeziba matundu, na akasisitiza chokaa badala ya saruji, kwa kuwa saruji haipumui: hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na baada ya miaka plasta inayoizunguka huanza kubanduka. Tulikwepa pia kuilaza kebo ya mtandao sambamba na nyaya za umeme, na zilipolazimika kukutana, tulizipishanisha kwa pembe mraba.

Kufunga plagi za kebo ya mtandao ni kazi ndogo inayoharibiwa na watu wengi, na hapa naomba nikae kidogo. Ndani ya kebo mna nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne, na msokoto huo ndio unaoilinda data: usumbufu unaotoka nje huzigusa nyuzi mbili za jozi kwa kiasi kilekile, na chombo kinachopokea hutazama tofauti kati yake, hivyo usumbufu hufutika. Mpangilio uitwao T568B huanza na nyeupe yenye mstari wa chungwa, kisha chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, na kahawia. Jozi ya kijani, kama unavyoona, imetenganishwa: inakaa nafasi ya tatu na ya sita, na jozi ya buluu katikati yake. Fundi asiyejua sababu huona mpangilio huo ni wa ajabu, akapanga jozi zote kwa kufuatana, na kwa kuwa amefanya vilevile pande zote mbili, kile kipimaji cha taa nane kinawaka chote, moja hadi nane, naye anachukua pesa yake na kwenda. Lakini sasa nafasi ya tatu na ya sita zinatumia nyuzi za jozi mbili tofauti, na ulinzi wa msokoto umepotea. Kebo ya mita mbili itafanya kazi; ya mita thelathini itakwama, itashuka kasi, itakatika bila mpangilio, na kila mtu atailaumu ruta. Kipimaji cha taa huthibitisha tu kwamba umeme unapita.

Kasoro nyingine inayojificha ni uzi mmoja usiogusa vizuri. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zile za nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita, ilhali gigabiti huzihitaji zote nne. Kwa hiyo uzi wa kahawia ukikatika, vyombo vingi hushuka vyenyewe hadi 100 na kuendelea kimyakimya. Nyumba inayolipia megabiti 30 haitaligundua hilo mpaka siku mtu atakapojaribu kunakili mafaili makubwa kati ya kompyuta mbili. Kompyuta yenyewe husema ukweli ukiuliza: katika mipangilio ya mtandao kuna kasi ya kiungo, na inapaswa kusoma 1000.

Waya ulipofika juu, ulikuwa na kazi mbili. Sehemu yake, kupitia swichi ndogo ya matundu matano, ilikwenda kwenye kompyuta ya binamu na kwenye televisheni. Sehemu nyingine ilikwenda kwenye ruta ya zamani ambayo mjomba alikuwa ameitupa kabatini, nami nikaigeuza kuwa kituo cha kurushia Wi-Fi cha ghorofani. Kugeuza huko kunahitaji uangalifu kidogo. Ruta ya pili inyimwe kazi ya kugawa anwani, yaani namba zinazotambulisha kila chombo kwenye mtandao, maana nyumba yenye vyombo viwili vinavyogawa anwani huishia na simu zilizopotea njia. Ipewe anwani yake isiyogongana na ile ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, na waya uingizwe kwenye tundu la kawaida, si lile la rangi tofauti lililokusudiwa intaneti. Ukiuingiza kwenye tundu la intaneti, utakuwa umejenga mtandao ndani ya mtandao, na televisheni ya juu haitaiona kompyuta ya chini. Jina la Wi-Fi na nywila viwe vilevile, ili simu ihame yenyewe mtu anapopanda ngazi, ila chaneli ziwe tofauti. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli 1, 6 na 11 tu ndizo zisizoingiliana, na mtu anayechagua 3 akidhani ameikimbia msongamano wa 1 amejiweka katikati ya makelele ya 1 na ya 6.

Printa ilikuwa na kisa chake. Kila baada ya muda ilitoweka kwenye kompyuta, ikaondolewa, ikasajiliwa upya, ikatoweka tena, na binamu yangu alikuwa karibu kuiuza. Ruta hugawa anwani kwa mkopo wa muda, na printa iliyozimwa siku kadhaa inaporudi hupewa anwani nyingine, huku kompyuta ikiendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani. Ndani ya ruta mna sehemu ya kuitengea printa anwani moja ya kudumu. Hilo lilitatuliwa kwa muda wa kunywa chai. Na kwa kuwa tunazungumzia anwani: kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake iliomba ikakosa wa kuijibu, na hapo hakuna haja ya kuipigia kampuni simu. Shida iko kwenye waya, swichi au ruta.

Umeme nao una neno. Kisanduku cha faiba na ruta nyingi hutumia volti 12, na vipo vibetri vidogo vinavyokaa kati ya adapta na chombo vikakiweka hewani saa kadhaa umeme unapokatika. Katika mji uliokaa gizani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hakuna anayehitaji kushawishiwa kuhusu betri. Kinachosahauliwa ni swichi: ruta mbili zikiwa na betri na swichi iliyo kati yake ikiwa haina, ghorofa ya juu inazimika na watu wa chini hawaelewi kwa nini. Tuliinunulia nayo.

Kuhusu usalama sina mengi. Nywila ya kiwandani ibadilishwe, ya Wi-Fi na ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Ulinzi wa Wi-Fi, yaani namna ya kuificha data inayopita hewani, uwe WPA2 au WPA3. Na ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au namba nane, WPS, izimwe, kwa kuwa udhaifu wake umejulikana tangu 2011. Kamera zipewe nywila yake pia. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kutumia tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzigusa, kisha ikazitumia kuangusha tovuti kubwa. Na nyumba ya Mji Mkongwe haikosi wageni, kwa hiyo tuliwawekea Wi-Fi yao ya pembeni, inayofika intaneti bila kuiona kompyuta ya uhasibu. Mjomba ndiye aliyechagua nywila ya wageni, na wageni wote wa barazani wanaijua.

Dada yangu anajenga Dar es Salaam, nyumba ya matofali ya saruji yenye ghorofa moja na nyumba ndogo ya uani, na aliposikia habari za mjomba akaniuliza kama nyumba mpya itakuwa na taabu ileile. Itakuwa nayo kwa sura nyingine: slabu ya zege yenye nondo kati ya chini na juu itafanya kazi ya kuta za matumbawe. Tofauti ni kwamba yeye bado hajapiga plasta. Nimemwandikia fundi wake umeme kwamba kila chumba cha kulala, sehemu ya televisheni na katikati ya dari ya ghorofa ya juu kuwe na bomba tupu la plastiki la milimita 25, mbali na mabomba ya umeme, yote yakikutana kwenye boksi moja karibu na mahali faiba itakapoingilia, na ndani ya kila bomba iachwe kamba ya nailoni ya kuvutia kebo baadaye. Kwenda nyumba ya uani kusiwe na kebo ya shaba. Radi ikipiga karibu, volti za ardhini za majengo mawili hutofautiana, na shaba inayoyaunganisha huupitisha mshtuko hadi kwenye swichi na vyote vilivyochomekwa humo. Kwa hiyo huko tutapitisha faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme, tukiwa na kigeuzi kidogo kila upande. Fundi amejibu kwamba mabomba hayo anaweza kuyaweka kwa gharama ndogo, ila anataka kujua boksi liwekwe urefu gani kutoka sakafuni. Nimemwambia mita moja na nusu, ili taa za kisanduku zisomeke bila mtu kuinama.